Bwawa la Kijani Halimwagwi

Jamani, leo nina ugomvi na watu wenye mabwawa ya kuogelea nyuma ya nyumba. Najua wengi mnaonisoma hamna bwawa. Tuna ndoo mbili, madumu manne na jaba moja bafuni, na tunapanga vyumba Kariakoo, Ilala au Magomeni. Ndiyo maana nawaandikia ninyi. Mwenye bwawa akifungulia maji yake yaende mtaroni, asiyekuwa na bwawa ndiye anayeulizwa asubuhi kwa nini kaja kazini hajaoga.

Nasema hivi: kumwaga bwawa zima kwa sababu tu maji yamegeuka kijani ni ufujaji, na katika jiji kama hili ni ukosefu wa adabu. Bwawa la kijani lina dawa. Dawa yenyewe inaitwa klorini, inauzwa kwenye maduka ya vifaa, na inafanya kazi kwa siku chache. Anayemwaga anamwaga kwa uvivu, au kwa kutojua, au kwa sababu fundi wake anataka kulipwa mara mbili: kumwaga na kujaza.

Haya, tupige hesabu, maana bila hesabu mtasema nina wivu tu. Chukua bwawa la kawaida, la nyumba ya Upanga au la jengo la vyumba vya kupangisha: urefu mita 10, upana mita 5, kina cha wastani mita moja na nusu. Zidisha. Unapata mita za ujazo 75, yaani lita 75,000. Kwa ndoo ya lita 20 tunayoijua sote, hizo ni ndoo 3,750. Shirika la Afya Duniani linasema mtu anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku ili aishi bila tabu. Tumia hiyo 50 ya chini. Maji ya bwawa moja yanawatosha watu 1,500 kwa siku nzima, au familia ya watu watano kwa siku 300. Familia moja, karibu mwaka! Halafu fundi anafungulia valvu, anawasha sigara na kusubiri yaishe.

Mtaniambia, "We naye, hayo maji si ya kunywa." Kweli kabisa, bwawa la kijani halinyweki. Lakini likishamwagwa linajazwa na nini? Linajazwa na maji yale yale ya bomba au ya kisima ambayo mtu angeyapikia ubwabwa. Hapo ndipo ulipo wizi: sina shida na kile kinachotoka, nina shida na kile kinachoingia.

Sasa rudini mwaka 2022. Mvua za vuli zilichelewa, Mto Ruvu ukanywea, na mwishoni mwa Oktoba serikali ya mkoa ikatangaza mgawo. Mitambo ya Ruvu Chini ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu lita milioni 196. Jumla ni milioni 466. Uzalishaji ukashuka hadi kama milioni 300. Novemba ikabidi visima vya Kigamboni viingizwe haraka kwenye mtandao ili jiji lipumue. Mliokuwapo mnakumbuka. Mikokoteni ya madumu ilitawala Msimbazi na Mkunguni kama vile imepewa leseni ya barabara, na bei ya ndoo ilipanda kwa kumtazama mnunuzi usoni. Katika siku hizo hizo, kwenye mtaa mmoja wa Upanga ambao sitautaja, nilipita nikakuta maji ya kijani yanatiririka kutoka chini ya geti kubwa jeusi, yanaingia mtaroni. Mlinzi aliniambia bwawa "limechafuka", na kwamba maboza yanakuja jioni. Maboza, kwa wingi! Nikatazama upande wa pili wa barabara: mama mmoja na madumu yake ya njano alikuwa anasubiri mkokoteni.

Magazeti yetu yanapenda sana picha ya foleni ya ndoo. Sijaona hata moja lililoweka picha ya foleni ya ndoo ukurasa wa kulia na picha ya bwawa linalomwagwa ukurasa wa kushoto. Siku litakapofanya hivyo, nitanunua nakala mbili.

Sasa tuzungumzie ukijani wenyewe, kwa sababu ujinga mwingi unaanzia hapo. Maji yakigeuka kijani, kilichoota humo ni mwani. Vimelea vyake ni vidogo mno, vinaletwa na upepo, vumbi na mvua. Vinahitaji jua, joto na chakula kidogo, na Dar es Salaam inavigawia vyote bure. Kinachovizuia ni klorini kwenye maji. Tatizo ni kwamba jua linaivunja klorini. Klorini isiyo na kinga inaweza kupungua kwa nusu ndani ya saa moja au pungufu kwenye jua kali la mchana. Kwa hiyo bwawa ambalo pampu imezimwa kwa sababu ya kukatika umeme, au mwenyewe kasafiri wiki mbili kwenda kuzika, linageuka supu ya mlenda. Hakuna mchawi hapo. Klorini imeisha na mwani umepata nafasi.

Tiba yake je? Nitaieleza, ili kesho fundi asikudanganye. Kwanza toa majani na takataka, kisha sugua kuta na sakafu kwa brashi, kwa sababu mwani hujishika kwenye kuta kwa utelezi na klorini haifiki ndani yake. Pili, pima pH. Wengi wanaruka hatua hii, halafu wanasema klorini haifanyi kazi. Maji yakiwa na pH 8, ni kama robo tu ya klorini uliyoweka iliyo katika hali yake kali ya kuua. Ukiishusha hadi 7.2, inakuwa kama theluthi mbili. Unga ni ule ule na pesa ni ile ile, ila nguvu imekaribia mara tatu. Kumwaga klorini kwenye maji ambayo pH yake hujaipima ni kama kutuma mzigo stendi bila kuandika jina la mpokeaji.

Tatu ndiyo dozi. Klorini ya unga inayouzwa sana, kalsiamu hipokloraiti, huwa na klorini kama asilimia 65. Kwa lile bwawa letu la lita 75,000, kufikisha miligramu 10 kwa kila lita unahitaji kama kilo 1.15 za unga. Bwawa likiwa la kijani kibichi hadi huoni ngazi, panda hadi miligramu 30, yaani kilo tatu na nusu hivi. Weka jioni, jua likishazama, ili dawa ifanye kazi usiku kucha bila kuliwa na jua. Acha pampu izunguke mfululizo. Asubuhi maji yatakuwa yameacha ukijani na kuwa kama maji ya kuoshea mchele. Usikate tamaa, huo ni mwani uliokufa. Chujio ndilo litakaloutoa, na chujio lenyewe utaliosha mara kwa mara kwa kurudisha maji nyuma. Pima tena, ongeza tena kama klorini imeshuka, fyonza tope lililotuama chini. Kwa siku tatu, nne, pengine wiki, unaona vigae vya sakafuni. Asiingie mtu mpaka sakafu ionekane wazi na klorini ishuke kwenye kiwango cha kawaida cha kuogelea, miligramu moja hadi tatu kwa lita.

Sikilizeni tofauti. Upande mmoja kuna kilo tatu na nusu za unga, brashi, umeme wa pampu na subira. Upande wa pili kuna lita 75,000, ambazo kwa maboza ya lita 10,000 ni safari saba na nusu, kila boza likikwama kwenye foleni ya Fire au Jangwani na kutunyima wengine njia. Sijaona duka la Gerezani ambalo kilo nne za klorini zinakaribia bei ya maboza nane. Kwa hiyo hata mwenye roho ngumu asiyemjali jirani, basi na ajali mfuko wake.

Nimewasikia wanaobisha. Hoja ya kwanza: "Klorini ni sumu." Ndugu yangu, maji ya bomba unayokunywa yametiwa klorini. WaterGuard uliyowekewa kwenye ndoo ukiwa mtoto ilikuwa klorini. Shirika la Afya Duniani linaruhusu hadi miligramu tano kwa lita kwenye maji ya kunywa. Kipindupindu kilipolipuka Kinondoni Agosti 2015 na kusambaa mikoani, watu waliokuwa wakihimizwa kutibu maji kwa klorini walikuwa wakinong'onezana maneno haya haya ya sumu. Tangu Jersey City, Marekani, ilipoanza mwaka 1908 kutia klorini kwenye maji ya mji mzima bila kukoma, dawa hii imeokoa watu wengi kuliko madaktari tunaowajengea sanamu.

Ndiyo, ni kali, na haitaki mzaha. Wajerumani waliifungulia kama gesi kule Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Ajabu ya historia ni kwamba vita ile ile iliyoipa klorini jina baya ndiyo iliyoipa Kariakoo jina lake, pale Waingereza walipoleta kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps, baada ya kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916. Kwa hiyo iheshimu. Tia unga kwenye ndoo yenye maji, kamwe usitie maji juu ya unga. Usichanganye na asidi, utazalisha ile gesi ya Ypres uani kwako. Usichanganye unga huu na vidonge vya klorini vya aina nyingine kwenye chombo kimoja, vinaweza kulipuka. Vaa glavu na simama upande upepo unakotoka. Mkaa nao unaua ukilala nao chumba kimefungwa, lakini hakuna aliyesema tule chakula kibichi.

Hoja ya pili: "Maji nimelipia, ni yangu." Umelipia huduma. Mto hujaununua. Mwaka 2022 Ruvu haikuuliza nani kalipa na nani hajalipa, ilipungua tu. Kinachotoka kwenye bomba lako siku ya mgawo kimepunguzwa kwenye bomba la mwingine, na kwa kawaida huyo mwingine yuko mwisho wa mtandao ambako presha haifiki hata siku za neema. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, sawa, lakini mwenye shibe asimwage chungu mbele ya mwenye njaa akasema ni haki yake.

Hoja ya tatu huletwa na wajanja: "Mimi situmii maji ya Dawasa, nina kisima." Hii inanichekesha na kunitia hasira kwa pamoja. Chini ya jiji hakuna ukuta wa kutenganisha kiwanja chako na changu. Tunavuta kwenye chungu kimoja, nacho kiko kando ya bahari. Ukivuta maji baridi kupita kiasi, ya chumvi yanasogea kuchukua nafasi. Waulize wazee wa katikati ya jiji ambao maji ya visima vyao hayafai tena hata kwa chai. Kila bwawa linalojazwa upya bila sababu linaivuta bahari hatua moja kuja kwetu.

Hoja ya nne: "Hata Olimpiki walimwaga." Safi, hii napenda, maana anayeileta amesoma. Agosti 2016 kule Rio de Janeiro, bwawa la kupiga mbizi liligeuka kijani mbele ya dunia nzima, na jirani yake likafuata. Baadaye ikaelezwa kwamba mkandarasi alitia lita 80 za haidrojeni peroksaidi, ikaiua nguvu ya klorini, na mwani ukapata sherehe. Ni kweli bwawa kubwa lilimwagwa na kujazwa karibu lita milioni 3.7 kutoka bwawa la mazoezi. Kwa nini? Kwa sababu kesho yake kulikuwa na mashindano ya wanawake wanaocheza majini, ambao lazima waonane chini ya maji, na majaji lazima wawaone. Lile la kupiga mbizi lilitibiwa. Sasa niambie, mzee wangu wa Upanga, kesho nyumbani kwako kuna fainali ya Olimpiki? Kama ipo, mwaga. Kama hakuna, sugua.

Kuna hali ambayo nakubali maji yapunguzwe, nisije nikaonekana nimelewa klorini. Vidonge vingi vya bwawa huja na asidi ya sianuriki, inayoikinga klorini isiliwe na jua. Inasaidia ikiwa kidogo, lakini haipungui yenyewe, na mwaka hadi mwaka inajikusanya mpaka klorini inakuwa kama askari aliyefungwa mikono. Ikizidi sana, miligramu 100 kwa lita na kuendelea, dawa yake ni kupunguza sehemu ya maji na kuongeza mapya. Sawa. Lakini hiyo ni sehemu, baada ya kupima, na maji hayo yanapangiwa kazi. Kumwaga lote kwa kuangalia rangi tu ni jambo lingine kabisa.

Tena kuna hatari ambayo mafundi wetu hawaisemi. Katikati ya jiji letu maji ya ardhini yako karibu, hasa wakati wa masika. Bwawa lililojaa linatulia kwa uzito wake. Ukilikausha, maji ya chini yanaweza kulisukuma juu kama mtumbwi, likapasuka au kuinuka na vigae vyake. Mtu anaanza na tatizo la mwani wa kilo tatu za unga, anamaliza na shimo lenye nyufa.

Wala msinielewe vibaya mkadhani natetea bwawa liachwe kijani. Hilo ni kosa la pili, na wenye nyumba walio safarini ndio mabingwa wake. Mwaka 2007, wakati Wamarekani walipoanza kushindwa kulipa mikopo ya nyumba, kule Bakersfield, California, mabwawa yaliyotelekezwa yaligeuka kijani, mbu wakazaliana, na ugonjwa wa virusi vya West Nile ukaongezeka. Sisi tulio-ugua au kuuguza dengue Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019 hatuhitaji somo la ziada juu ya mbu na maji yaliyotuama. Bwawa lako ni lako, lakini mbu wake ni wetu sote.

Tunataka nini basi? Mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili. Kwanza, siku mgawo wa maji unapotangazwa, tangazo hilo hilo litamke wazi kwamba kumwaga na kujaza bwawa la kuogelea ni marufuku mpaka mgawo uishe. Wanatuambia tusimwagilie bustani na tusioshe magari kwa mpira. Ndoo 3,750 zinapita kwa nini bila kutajwa? Pili, hoteli na majengo yenye mabwawa yawe na mtu anayejua kupima pH na klorini, na daftari la vipimo vya kila siku likae ukutani ambapo muogeleaji analiona. Tatu, wewe uliye mpangaji, mfanyakazi au mgeni kwenye nyumba yenye bwawa, ukisikia "tumwage tu", uliza swali moja: mmepima? Swali hilo halina matusi, lakini linaaibisha vizuri sana.

Hatukuwa hivi zamani. Msanifu Beda Amuli alipotuchorea Soko la Kariakoo miaka ya 1970, aliliwekea mapaa kama miavuli iliyopinduliwa, yakinge mvua na kuipeleka tangini. Moto wa Julai 2021 uliunguza mengi sokoni hapo, lakini wazo lile halipaswi kuungua. Mtu aliyejenga soko la watu wa hali ya chini alihesabu hata tone linalodondoka kutoka mawinguni. Nusu karne baadaye, kilomita moja au mbili kutoka hapo, kuna mtu anamwaga lita 75,000 kwa sababu rangi imemkera.

Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga, nao hawakuwa na pampu. Ninyi mnayo. Iwasheni, shikeni brashi, tieni dawa jioni, msubiri siku nne. Na siku hizo nne mkikosa pa kuogea, karibuni Kariakoo. Tutawaazima ndoo na kopo.